Nyumbani kwa nani?

Mhariri,

Mwandishi wenu wa safu ya Jumapili aliisifia Homecoming, yaani siku ambayo wahitimu wa Marekani hurudi chuoni kutazama mpira wa Kimarekani, akasema ilizaliwa Chuo Kikuu cha Missouri mwaka 1911. Mimi nafanya usafi hotelini hapa Columbia, mji wa chuo hicho. Wikiendi hiyo hatupati hata nafasi ya kukaa. Vyumba vimejaa wazee waliovaa nyeusi na dhahabu, rangi za chuo.

Kuhusu mwaka, watu wa Chuo Kikuu cha Baylor kule Texas watamwambia wao walianza 1909, wa Chuo Kikuu cha Illinois watasema 1910. Tuwaachie wenyewe.

Kisa cha Chester Brewer, mkuu wa michezo wa Missouri wakati ule, amekipatia. Mechi na Chuo Kikuu cha Kansas, mahasimu wao kama Simba na Yanga, ilizoeleka kuchezwa jijini Kansas City. Kanuni ikaja kwamba ichezwe vyuoni. Brewer, akihofia viti vitupu, akawaita wahitimu: njooni nyumbani. Wakafurika kwa maelfu, kumbe kuja kuona sare ya 3-3! Mjini Lawrence, nyumbani kwa chuo cha Kansas, watu zaidi ya 1,000 waliifuata kwa telegrafu, kila tukio likionyeshwa kwenye mfano mkubwa wa uwanja. Nikamkumbuka marehemu baba na redio yake, mtaa mzima umejaa kibarazani kwetu Tanga.

Ila lipo aliloliruka. Katika walioitwa nyumbani mwaka ule hakuwemo Mweusi, maana chuo hakikupokea mwanafunzi Mweusi mpaka 1950. Lloyd Gaines, kijana Mweusi, alinyimwa nafasi ya kusomea sheria hapo, akashinda kesi Mahakama ya Juu mwaka 1938, na mwaka uliofuata akatoweka. Hajaonekana tena.

Tarehe 10 Oktoba 2015 nilikuwa kando ya barabara kwenye gwaride la sikukuu hiyo, mwanangu wa miaka sita akiokota peremende. Wanafunzi Weusi wakashikana mikono mbele ya gari jekundu la wazi la rais wa mfumo wa chuo, wakasoma kwa kipaza sauti yaliyowapata watu wao tangu 1839, chuo kilipoanzishwa. Baadhi ya watazamaji wakaanza kuimba jina la chuo ili kuwazima. Mwezi mmoja baadaye rais yule akajiuzulu.

Mwanangu aliniuliza kwa nini wale kaka na dada wanazuia gari. Nikamjibu nitamweleza tukifika nyumbani.

Mama Rajabu,
Columbia, Missouri