Barua kwa Ambakisye kuhusu mpiga besi aliyekamatwa Ureno

Kihesa, Iringa

Mpendwa Ambakisye,

Salamu nyingi kutoka huku, ambako baridi imetushika barabara na watu wanaingia kanisani wamejifunika mablanketi. Sisi ni wazima, na mengine tutasimuliana tukionana. Ile albamu niliyokutumia uliijibu kwa neno moja tu, "kelele", na kwa kuwa wewe ni mpiga besi wa kwaya, kumsema hivyo mpiga besi mwenzako ni jambo nisiloweza kulinyamazia.

Nakubali kwamba Charlie Haden, mpiga besi wa jazi Mmarekani, hakutaka kumbembeleza msikilizaji. Katika albamu hiyo, Liberation Music Orchestra, aliyoirekodi New York mwaka 1969 pamoja na wanamuziki wengine 12, zimo nyimbo za vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania zilizopangwa upya na mpiga piano Carla Bley, kisha saksafoni na tarumbeta zinaachiwa ziende zitakako, hadi utadhani kila mpigaji amepewa karatasi ya mwenzake. Kipande kinachohusu mkutano mkuu wa chama cha Democratic wa Chicago mwaka 1968 kina vurugu ya makusudi, kwani orkesta imegawanywa makundi mawili yanayoshindana. Lakini rudi kwenye "Song for Che", yaani wimbo kwa ajili ya mwanamapinduzi Che Guevara, usikilize mwanzo wake, Haden akiwa peke yake na besi kubwa ya kusimama, nota chache za chini, nafasi kati yake ikiachwa wazi bila haraka. Kiongozi wako wa kwaya, anayekupunguzia sauti kila Jumapili, naye angefaa kuusikia.

Wimbo huo ndio ulioniletea habari ninayotaka hasa kukueleza. Mwezi Novemba 1971, akipiga na kundi la mpiga saksafoni Ornette Coleman kwenye tamasha la Cascais, Ureno, Haden aliutoa mbele ya umati kwa wapigania uhuru weusi wa Msumbiji, Angola na Guinea-Bissau, wakati serikali ya nchi ileile ikipigana nao vita, na kesho yake akakamatwa uwanja wa ndege wa Lisbon, akahojiwa na polisi wa siri. Wapiganaji hao wa Msumbiji ni FRELIMO, Ambakisye, waliokuwa na kambi yao Nachingwea, hukohuko baba yako mdogo alikokuwa akiendesha malori! Tumekaa naye mara ngapi akisimulia matope ya barabara ya kusini, na hakuna aliyewahi kumuuliza kuhusu muziki.

Naomba basi, ukishuka Tukuyu, umpigie baba yako mdogo wimbo huo, sauti ukiipandisha kwa sababu ya masikio yake. Je, kambini walikuwa na redio, na walisikiliza idhaa gani? Habari za Mmarekani kukamatwa kwa ajili yao ziliwahi kuwafikia? Wapiganaji waliimba nini jioni, na anakumbuka hata ubeti mmoja? Je, bado anakasirika akirekodiwa kwa simu? Na wewe mwenyewe, utaurudia wimbo huo lini?

Wako,
Upendo