Kabla hujapanda Kilimanjaro

Moshi

Shoga yangu Rehema,

Salamu nyingi kwako na kwa watoto. Umeniandikia kuwa Septemba unataka kupanda kwa njia ya Marangu, siku tano kwenda na kurudi. Mimi nakushauri upite Lemosho, kilomita 70 hivi kwa siku saba au nane. Najua utaguna kwa gharama. Lakini sisi wananchi kiingilio chetu cha hifadhi ni nafuu sana kuliko cha wageni, na siku hizo za ziada ndizo zitakazokufikisha kileleni.

Mlima ule hauwashindi watu kwa miguu, unawashinda kwa hewa nyepesi ya juu. Ukitoka msitu wa mbega unatokea uwanda wa Shira, Kibo, kilele kikuu cha mlima, kimesimama mbele yako. Kisha mnapanda hadi mwamba wa Lava Tower, mita 4,600 hivi, kichwa kinagonga, chakula hakipiti. Halafu mnateremshwa kulala kambi ya Barranco, mita 3,900 hivi! Utaona kama mnachezewa. Kumbe mwili unazoeshwa: panda juu, lala chini. Na bonde lile, Rehema, lina masenesio, mimea ya mlimani mirefu kuliko mtu, iliyojifunika majani yake makavu kama makoti dhidi ya baridi.

Kwenye ukuta wa Barranco utatumia mikono. Wagumu, ndio wapagazi wa mlimani, watakupita na mizigo kichwani. Wewe simama upande wa mwamba, wapishe. Kikomo cha mzigo ni kilo 20, ndiyo maana hupimwa langoni. Kabla ya kulipa kampuni yoyote, uliza mgumu analipwa shilingi ngapi kwa siku na anakula mara ngapi. Wakibabaika, tafuta wengine. Na bahasha ya mwisho, ile ya bakshishi yao, usiifanyie ubahili.

Usiku wa kilele mnaondoka kambi ya Barafu karibu saa sita. Chupa ya maji igeuze kichwa chini, maana barafu huanza kuganda juu. Ukifika Stella Point, ukingoni mwa kreta, utadhani umemaliza. Bado kidogo hadi kilele cha Uhuru, mita 5,895. Mimi pale nilimkumbuka Alexander Nyirenda, yule mwanajeshi aliyepandisha pale bendera ya Tanganyika na mwenge wakati wa uhuru, Desemba 1961. Aliwezaje? Vidole vyangu vilishindwa hata kufunga zipu.

Kuteremka ni kwa njia ya Mweka, magoti yatakulaani. Kata kucha za miguu mapema.

Nijibu umeamua nini. Glavu nzito usinunue, zangu zipo.

Wako,
Neema