Kibao cha Giorgio Marincola kisimsahau mama yake

Mhariri,

Huu ni mwaka wangu wa tisa hapa Roma. Namtunza mzee mmoja wa miaka 91. Kila asubuhi tunatoka kunyoosha miguu, na kila tukifika penye kibao cha ukumbusho ukutani husimama, akashika fimbo kwa mikono miwili, akasoma kwa sauti. Mji huu umejaa vibao vya watu waliouawa na Manazi na Mafashisti. Vingine vina pete ya chuma ya kutundikia shada. Tarehe 25 Aprili, sikukuu ya ukombozi, shada huwa bichi na utepe wake. Ikifika Agosti limekauka kau, na halitolewi mpaka Aprili nyingine.

Jina ninalolitafuta mimi ni la Giorgio Marincola. Agosti 2020 baraza la jiji lilipitisha kwamba kituo kipya cha treni ya chini ya ardhi, kilichokuwa kiitwe Amba Aradam, kipewe jina lake. Siku ile nilimpigia simu dada yangu Mombasa kwa furaha. Kituo kikafunguliwa Desemba 2025 kwa jina la Porta Metronia, lango la kale lililo karibu. Lango halina wa kulipinga.

Marincola alizaliwa 1923 Mahaday, Somalia. Baba alikuwa mwanajeshi wa Kiitaliano, mama Msomali, Ashkiro Hassan. Baba akawachukua watoto kuwapeleka Italia, mama akabaki. Kijana akasoma Roma, na mwalimu wake wa falsafa alikuwa Pilo Albertelli, mmoja wa watu 335 waliouawa na Manazi tarehe 24 Machi 1944 Fosse Ardeatine, machimbo ya hapa Roma. Giorgio alikuwa akisomea udaktari. Akaacha vitabu akajiunga na wapiganaji wa siri waliowapinga Manazi na Mafashisti. Mwaka huohuo alishushwa kwa parachuti upande wa Biella, kaskazini. Maadui walipomkamata walimtaka aseme redioni maneno ya kuwasifu Mafashisti. Alipopewa kipaza sauti akasema nchi yake ni uhuru na haki kwa watu wote wa dunia, ndiyo maana anapigana. Kipigo alichokula baada ya hapo unaweza kukikisia. Alitoka Bolzano, kambi ya wafungwa ya Manazi kaskazini, vita vikiisha, angeweza kwenda zake Uswisi, akarudi kwa wenzake. Tarehe 4 Mei 1945, siku mbili baada ya majeshi ya Wajerumani yaliyokuwa Italia kuweka silaha chini, askari wa SS, kikosi cha Manazi, walimuua katika kijiji cha Stramentizzo. Alikuwa na miaka 21. Alipewa medali ya dhahabu ya ushujaa, na chuo kikuu kikampa shahada yake akiwa kaburini.

Na Amba Aradam je? Ni mlima wa Ethiopia ambako jeshi la Italia lilishinda Februari 1936, katika vita walivyomwaga gesi ya sumu. Barabara ya Via dell'Amba Aradam ipo mpaka leo. Jina limeingia hata kwenye lugha: juzi mzee alifungua droo ya dawa, akakuta nimechanganya vidonge na risiti, akasema, "Che ambaradan!" Yaani, vurugu gani hii! Nilipomweleza neno hilo limetoka wapi alinyamaza, akafunga droo taratibu.

Sidai kituo tena. Nataka kibao kidogo cha marumaru kwenye barabara hiyohiyo, jina la Marincola likae chini ya jina la mlima ule. Nakuandikia wewe badala ya magazeti ya huku kwa sababu Jumapili, tunapokutana watu wa Kenya na Tanzania kula pilau, niliuliza nani anamjua. Hakuna aliyemjua, na Somalia ni majirani zetu. Tukimjua tutaweza kuandika ombi kwa jiji tukiwa wengi.

Kuhusu maneno ya kuandikwa, mimi na mzee hatujaelewana. Yeye anasema vibao vizuri havizidi mistari minne: jina, miaka, alikofia, medali. Nimemwambia hiki kitakuwa na mitano. Wa pili uwe: mwana wa Ashkiro Hassan, wa Mahaday.

Msomaji wenu,
Roma