Jumamosi shuleni: saa na ukumbi vimebadilika

Habari zenu ndugu wazazi,

Jumamosi tarehe 14 tukutane saa nne kamili asubuhi, ukumbi wa chakula. Maktaba inapakwa rangi.

Mwalimu mkuu ametuomba sisi Waswahili wa hapa Chicago tuwapokee walimu wapya watano. Watoto watawaita Mama na Baba, na kila asubuhi watasimama nao kwenye duara la Umoja, wakitaja Nguzo Saba, zile kanuni saba za Kwanzaa, sikukuu ya Wamarekani Weusi. Maneno ni yetu. Mwaka 1970 Uhuru Sasa, shule ya Wamarekani Weusi kule Brooklyn, New York, ilijiita "Shule" kabisa, basi tusione haya kuwasahihisha wageni kwa upole. Kujichagulia, nguzo ya pili, ndiyo inayowatoa jasho kuitamka. Mwaka jana mmoja aliishia "kujichangulia" na watoto wakacheka hadi kengele.

1. Mchango: dola 10 kila familia, kwa mhazini kabla ya Alhamisi usiku.
2. Mandazi na chai: kina mama wa zamu. Kina baba, viti ni vyenu, fikeni saa tatu na nusu.
3. Nahitaji wawili wa kuongoza duara. Mzee mmoja ingependeza.

Andika "NIPO" au "SIPO" hapa kabla ya Jumatano jioni, tafadhali. Kimya sikihesabu.

Asanteni sana.