Kodi ya gawio Uswisi: tukutane Jumamosi

Habari zenu wapendwa. Wenye hisa za Uswisi hapa Uingereza, kwa gawio (mgao wa faida ya kampuni) la 2023, mwisho wa kudai kurudishiwa kodi iliyozidi ni 31 Desemba 2026. Uswisi wamekata 35%, mkataba wa kodi kati ya Uswisi na Uingereza unaruhusu 15%. Kwenye kila faranga 1,000, 200 ni zenu, msiwaachie!

Tukutane Zoom Jumamosi saa 10 jioni, tujaze fomu ya madai namba 86 pamoja. Leteni:
1. Hati ya gawio inayoonyesha kodi iliyokatwa (ombeni kwa dalali wa hisa leo, wanachelewa mno)
2. Namba ya akaunti ya benki

HMRC (mamlaka ya kodi ya Uingereza) lazima ithibitishe makazi yako kwanza, ndipo fomu iende Bern, kwa mamlaka ya kodi ya Uswisi. Kila mtu anadai kwa jina lake.

Andika NIPO kabla ya Alhamisi usiku, tafadhali.