Barua kwa Baba kuhusu Mtu wa Sanamu

Nottingham, Uingereza

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama wewe pamoja na Mama, na kwamba goti lako limepata nafuu tangu mvua zilipokatika. Sisi huku hatujambo, na watoto wanawaamkia.

Tulipozungumza kwa simu uliniuliza Waingereza waliipataje kura, nami sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma, na nimeona afadhali nikuandikie kwa kirefu, kwa sababu nimekutana na habari za mtu ambaye sanamu yake imo katika bustani ninayoipita kila asubuhi nikienda kazini. Ilisimamishwa mwaka 1859, na jiwe lake limeliwa na mvua. Nimeipita miaka minne bila kujua ni ya nani.

Anaitwa Feargus O'Connor. Alikuwa Mwairishi wa ukoo wenye mashamba huko Cork, mwanasheria, aliyechaguliwa kuingia Bungeni mwaka 1832 na kuondolewa mwaka 1835 kwa kuwa mali yake haikufikia kiwango kilichotakiwa na sheria. Wakati huo, Baba, mtu asiye na mali hakuruhusiwa kuwa mbunge, wanaume walio wengi hawakuwa na kura, na wanawake hawakuhesabiwa kabisa. Hao wachache waliokuwa na kura waliitamka hadharani, huku mwenye nyumba au mwenye kiwanda akisikiliza.

Mwaka 1837 alianzisha gazeti mjini Leeds, Northern Star, yaani Nyota ya Kaskazini. Lilikuwa ghali kwa sababu serikali ilitoza ushuru wa stempu kwa kila nakala, basi wafumaji walichanga senti zao, wakanunua nakala moja, na mmoja wao akawasomea wenzake kwa sauti. Niliposoma hayo nilikuona wewe kwenye mizani ya kahawa, miwani imeshuka puani, ukiwasomea wazee gazeti la juzi. Kwa njia hiyo sauti ya O'Connor ilifika hata kwa wasiojua kusoma, na mwaka uliofuata ilipotangazwa Hati ya Wananchi yenye madai sita, yeye ndiye aliyekuwa akijaza viwanja. Walioiunga mkono hati hiyo walidai kura kwa kila mwanamume aliyefikia miaka 21, kura ya siri, mishahara kwa wabunge, majimbo yanayolingana kwa watu, kufutwa kwa sharti la mali, na uchaguzi wa Bunge kila mwaka. Mwaka 1842 walipeleka Bungeni ombi lenye sahihi zaidi ya milioni tatu, na Bunge likakataa hata kuwasikiliza waliolileta.

Kabla ya hapo alikuwa amefungwa katika gereza la York kwa maandishi ya uchochezi. Alipotoka mwaka 1841 alivaa suti ya fustiani, kitambaa kizito cha pamba cha vibarua, ingawa alikuwa mtoto wa wenye mashamba. Wengine wameandika kwamba yalikuwa maigizo. Mimi naamini alifanya hivyo kwa dhati, kwa kuwa watu hawa aliwatumikia mpaka akabaki hana kitu.

Sasa nifike mahali palipoufanya moyo wangu ukukumbuke. Mwaka 1845 alibuni kampuni ya ardhi, ambayo wafanyakazi wangeinunulia hisa kwa malipo madogo madogo, kampuni inunue mashamba na kuyagawa vipande vya ekari mbili hadi nne, kila kimoja na nyumba yake, na wapate kwa kura ya bahati. Watu wapatao 70,000 walijiunga, na kampuni ilinunua mashamba matano. Nyumba hizo baadhi zimesimama hadi leo. Lakini waliopata ardhi walikuwa familia mia mbili na kitu tu, wengi wao mafundi wa mijini ambao hawakuwa wakulima, na sheria ilikataa kuiandikisha kampuni kwa kuwa ile kura ya bahati ilihesabiwa kuwa bahati nasibu. Mwaka 1848 kamati ya Bunge ilikagua vitabu vyake ikakuta hesabu zimeandikwa ovyo. Ilikuta pia kwamba O'Connor hakuwa amejinufaisha, bali kampuni ndiyo iliyokuwa ikidaiwa naye.

Nilipofika hapo nilifunga kitabu. Unajua nilikuwa nikifikiria nini: mwaka ule chama chetu cha msingi kilipovunjika, na watu uliowapimia kahawa miaka yote wakapita mbele ya nyumba yetu bila kusalimia. Wewe ulikuwa umeandika kila kilo. Yeye hakuandika, na kwa hilo siwezi kumtetea, kwani fedha za maskini zinahitaji karani kabla ya kuhitaji msemaji.

Anguko lake lilikuja haraka. Mwaka 1847 watu wa Nottingham walikuwa wamemchagua kuwa mbunge wao, akamwangusha waziri wa serikali. Tarehe 10 Aprili 1848 aliitisha mkutano mkubwa Kennington, London, ili umati upeleke Bungeni ombi la tatu. Serikali ilikuwa imeandaa askari chini ya Wellington, mkuu wa majeshi, na maelfu ya raia walioapishwa kuwa polisi wa muda. Mkuu wa polisi alimwita pembeni, akamwambia kwamba mkutano umeruhusiwa lakini maandamano hayatavuka madaraja ya mto Thames kuelekea Bungeni. O'Connor alirudi jukwaani, akawasihi watu waende nyumbani, na ombi likapelekwa kwa magari matatu ya farasi ya kukodi. Alikuwa ametangaza sahihi zaidi ya milioni tano. Makarani wa Bunge walihesabu chini ya milioni mbili, nyingine za kughushi, zikiwemo za jina la Malkia Victoria, na wabunge wakamcheka.

Miongoni mwa waliokasirishwa na kuvunjwa kwa maandamano yale alikuwa William Cuffay, fundi cherehani wa London, mtu mweusi ambaye baba yake alikuwa mtumwa wa kisiwa cha St Kitts. Mwaka huohuo Cuffay alihukumiwa kwa kula njama ya uasi, akapelekwa uhamishoni Tasmania, kisiwa cha Australia, na huko alifariki mwaka 1870. Sikuwahi kufundishwa jina hilo popote. Hata hivyo naona O'Connor alifanya sawa siku ile, kwa kuwa damu ingemwagika kwenye madaraja, na wenye bunduki walikuwa upande mmoja tu.

Baadaye akili yake ilianza kuchafuka. Mwaka 1852 aliwapiga wabunge wenzake ndani ya Bunge, akakamatwa na kupelekwa katika nyumba ya wagonjwa wa akili huko Chiswick. Alifariki Agosti 1855 akiwa maskini, na maelfu ya watu walimsindikiza makaburini. Sharti la mali lilifutwa mwaka 1858, kura ya siri ikaja 1872, na mishahara ya wabunge 1911. Kura kwa wanaume wote ilisubiri hadi 1918.

Mungu akipenda nitakuja Desemba. Naomba usiruhusu lile daftari jeusi la chama, lililo juu ya kabati, litumike kuwashia moto, kwa maana nataka unisomee mwenyewe kurasa zake, kuanzia ule msimu wa kwanza.

Mwanao akupendaye.