Barua kwa mwanangu: Mwamba ukishatikiswa

Mwanangu Neema,

Salamu nyingi, sisi huku hatujambo. Uliniuliza kama mwamba ukishatikiswa na tetemeko hurudi ulivyokuwa. Nakujibu kwa kirefu kwa sababu jambo hili nalipenda.

Mama yako akinunua chungu hukigonga kwanza. Kizima hulia vizuri. Chenye ufa, hata usioonekana, hutoa mlio mzito. Mwamba nao ni hivyo. Tetemeko hufungua nyufa ndogo ndogo pande zote za mpasuko, yaani ule ufa mkubwa ardhini ambako miamba huteleza, na chembe zilizoshikana hulegea. Mwamba haujavunjika, ila umepungukiwa ukakamavu, hata mawimbi yanayopita ndani yake huchelewa.

Kiasi gani? Tarehe 28 Septemba 2004 tetemeko la kipimo cha 6.0 lilipiga Parkfield, California, kwenye mpasuko wa San Andreas. Ili kupima, wanasayansi hawakuhitaji kungoja matetemeko mengine. Walitumia mtikisiko hafifu usiokoma ardhini, ambao sehemu yake kubwa huletwa na mawimbi ya bahari. Wakakuta kasi ya mawimbi ndani ya mwamba imeshuka kwa chini ya asilimia 0.1. Ni kidogo mno, lakini ilichukua kama miaka mitatu kukaribia kurudi ilipokuwa. Hilo hunisisimua kila nikilifikiria: mwamba hupona!

Ila kupona kwenyewe kunaweza kukatizwa. Tetemeko la Landers la 1992, la kipimo cha 7.3, lililegeza miamba ya mpasuko wake kule jangwa la Mojave. Watafiti walirudi mara kadhaa, wakalipua baruti mahali palepale, wakaona mawimbi yanazidi kwenda kasi. Halafu mwaka 1999 likapiga lile la Hector Mine, la 7.1, kwenye mpasuko wa jirani. Mtikiso wake peke yake ukatosha kuilegeza tena miamba ya Landers.

Parkfield ilitufunza mengi kwa sababu vyombo vya kupima mtikisiko vilikuwa tayari kwenye mashimo marefu yaliyochimbwa ardhini, vinarekodi, kabla ya tetemeko. Kipimo cha baada bila cha kabla utakilinganisha na nini? Kwa hiyo ukifika wakati wa kuchagua mradi, wasimamizi wakitaka vyombo vitegwe miezi michache kisha viondolewe, waombe viachwe. Nauli ya kwenda kubadilisha betri nitakutumia mimi.

Baba yako